Maabara imeona anaplasma kwenye damu ya mbuzi wangu. Ndiyo inayowaua?

"Daktari, nafuga mbuzi Chalinze, nina wa kienyeji 31. Mwezi wa nne nilinunua chotara 9 wa Boer kutoka shamba moja kule Mbulu, wanene, wazuri, wamezoea kuogeshwa kila wiki. Wiki ya tatu tangu wafike wakaanza kufa. Wanne wamekwenda ndani ya siku nane: anaacha kula, anapumua kwa shida, anatafuna na mdomoni hamna kitu, anaanguka anapiga miguu kama anaogelea, povu puani, kwisha. Wakati huohuo wenyeji wangu sita wamepauka, wawili wana uvimbe chini ya taya. Duka la dawa wakaniambia ni ndigana. Nikachoma OTC (oksitetrasaiklini) ya asilimia 10, mililita mbili kila mbuzi, mara moja, halafu na ile dawa ya njano ya kuchanganya na maji. Nimepeleka maabara damu ya mbuzi watano, wenyeji watatu na chotara wawili. Wenyeji wote watatu wamekutwa na anaplasma. Naogesha kila baada ya wiki mbili na kupe bado wapo. Je, damu ya kundi zima imeharibika? Niuze wote nianze upya? Na nyama ya hawa waliochomwa sindano inaliwa?"

Pole sana, ndugu yangu. Mbuzi wanne wa bei ile kufa ndani ya siku nane ni pigo. Lakini umeandika vizuri kuliko wengi wanaoniuliza, na jibu karibu lote liko ndani ya maelezo yako mwenyewe. Hebu rudia kusoma mstari mmoja: waliokutwa na anaplasma, bakteria wa damu anayeletwa na kupe, ni wenyeji watatu. Waliokufa ni chotara. Hakuna mwenyeji hata mmoja aliyekufa.

Kwa hiyo sidhani kama una ugonjwa mmoja hapo. Nadhani una miwili iliyoingia boma moja kwa wakati mmoja, na anaplasma amepita mbele ya darubini akabebeshwa kesi zote mbili. Maabara hawakukosea. Uliwauliza kilichomo kwenye damu, wakakuambia. Swali la nini kinachoua mbuzi ni lingine.

Kwanza tuondoe jina la ndigana. Ndigana kali, ile inayovimbisha tezi za ng'ombe, ni ya ng'ombe. Mbuzi haumwi hiyo hata akiwa amejaa kupe masikio yote mawili. Ndigana baridi ndiyo jina tunaloipa anaplasma, na mbuzi na kondoo wana anaplasma wao, si yule wa ng'ombe. Ni bakteria mdogo sana anayejibanza ndani ya chembe nyekundu ya damu, huko pembeni kwenye ukingo wake. Mwili ukishagundua chembe imeingiliwa, bandama inaivuta na kuivunja. Zikivunjwa nyingi kwa mkupuo mbuzi anapauka, na pengine macho yanakuwa ya manjano. Mkojo lakini haubadiliki rangi, kwa sababu chembe zinavunjwa ndani ya bandama, hazipasukii kwenye mshipa. Ukiona mkojo kama kahawa nyeusi, mfikirie babesia, kidudu kingine cha kupe, ambaye anapasua chembe humohumo damu inamopita.

Sasa, mbuzi wengi wa maeneo ya kupe wanampata anaplasma wakiwa wadogo, wanapata homa ndogo ambayo mfugaji haioni, kisha wanabaki naye kwenye damu miaka yote huku wanakula, wanazaa na kunyonyesha. Anakuja kuleta shida mbuzi akidhoofika kwa jambo lingine: njaa ya kiangazi, mimba ya mapacha, safari ndefu ya lori, au minyoo. Kwa hiyo ukichukua damu ya wenyeji watatu wa Chalinze ukamkosa anaplasma, mimi ndiyo ningeshangaa.

Tuje kwa chotara, maana hao ndio wanaokufa. Kuacha kula, kupumua kwa shida, kutafuna hewa, kuanguka na kupiga miguu, povu, kifo cha haraka, tena wiki ya tatu baada ya kuhama kutoka sehemu ya baridi wanakoogeshwa kila wiki kuja sehemu ya joto yenye kupe wengi. Bila kumgusa mbuzi siwezi kuapa, lakini kama ningekuwa na shilingi moja tu ya kuweka, ningeiweka kwenye ugonjwa wa moyo kujaa maji.

Hiyo wiki ya tatu ina historia yake. Mwaka 1838 kule Afrika Kusini, Kaburu mmoja mhamaji, Louis Trichardt, aliandika kwenye shajara yake kwamba kondoo wake walivamiwa na kupe wengi, na wiki tatu hivi baadaye wakaanza kufa. Hakujua kwa nini. Mwaka 1900 mtafiti Lounsbury akathibitisha kwamba kupe ndiye anayeuambukiza, na mwaka 1925 mtafiti mwingine, Cowdry, akamwona bakteria mwenyewe. Hesabu ya siku haijabadilika: chotara wako walishuka kwenye lori, wakaenda malishoni, kupe wakawapanda, na wiki mbili au tatu baadaye homa ikaanza.

Bakteria huyu hakai kwenye chembe za damu. Anakaa kwenye ngozi nyembamba ya ndani ya mishipa midogo, na akishazaliana hapo mshipa unaanza kuvuja kama mpira wa maji uliochakaa. Hautoki damu, yanatoka majimaji yake. Yanajaa kwenye mapafu, ndiyo maana anahema na kutoa povu. Yanajaa kwenye mfuko unaozunguka moyo, ndiyo asili ya jina. Na ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halina nafasi ya kutanuka, ndiyo maana ya kope kuchezacheza, kutafuna hewa, kunyanyua miguu juu kama askari wa gwaride, na mwisho kuogelea pale chini.

Na ndiyo maana damu ya sikio haikuonyesha kitu kwa wale chotara wawili. Kumtafuta bakteria huyu kwenye tone la damu ya sikio ni kama kumtafuta mvuvi sokoni wakati yuko baharini. Anatafutwa kwenye ubongo wa mbuzi aliyekufa: kipande kidogo kama punje ya mtama kinapondwa kati ya vioo viwili, kinatiwa rangi, na kwenye mishipa midogo yanaonekana mashada ya nukta za zambarau. Kazi hii usiifanye mwenyewe kwa panga. Mbuzi mwenye dalili za kichwa anaweza pia kuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na kichaa hicho hakina msamaha kwa binadamu. Mwite daktari wa mifugo akatoe sampuli, apeleke maabara ya veterinari ya kanda.

Nakumbuka mbuzi wa kwanza wa aina hii niliyempasua, chini ya mwembe, mwenyewe kasimama pembeni amejishika kiuno. Nilipofungua mfuko wa moyo yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi iliyopoa, karibu glasi nzima. Tulipokuwa bado tunaongea yale maji yakaanza kuganda kwenye bakuli, yakawa kama ute wa yai. Koo la hewa limejaa povu jeupe hadi kwenye mapafu. Ukishaiona mara moja huisahau. Lakini sikiliza: mbuzi akifa ghafla na ukaona damu isiyoganda puani au mkunduni, usimpasue kabisa. Hiyo inaweza kuwa kimeta. Funika, zuia mbwa, piga simu kwa afisa mifugo.

Sasa utauliza, mbona wenyeji wangu wanatembea katika nyasi hizohizo na hawafi? Mtoto wa mbuzi katika wiki yake ya kwanza ya maisha anauhimili ugonjwa huu kwa namna ya pekee, hata kama mama yake hana kinga. Anayepandwa na kupe mwenye maambukizi katika siku hizo chache anaupata kidogo, anapona, anabaki na kinga, na kupe wanaoendelea kumuuma wanaikumbushia kinga hiyo. Wenyeji wako walisoma shule hiyo wakiwa wachanga. Chotara wa Mbulu, kwa sababu waliogeshwa vizuri mno, hawakuwahi kusoma, wakaja kufanya mtihani ukubwani. Siwalaumu waliokuuzia. Walitunza mbuzi wao kulingana na kwao.

Dawa uliyochagua haikuwa mbaya, tatizo ni kipimo na muda. Oksitetrasaiklini ndiyo dawa ya moyo kujaa maji na ndiyo dawa ya anaplasma pia. Ila ile ya asilimia 10 inafanya kazi kwa siku moja tu na inatakiwa kurudiwa kila siku, kwa kawaida siku tatu, mililita moja kwa kila kilo 10 za uzito. Mwenyeji wa kilo 20 ukampa mililita mbili, sawa, ulipatia kwa siku ile. Chotara wa kilo 40 ukampa mbili, umempa nusu, mara moja. Ile ya asilimia 20 ya kukaa muda mrefu pia ni mililita moja kwa kilo 10, na inadumu siku kadhaa. Lakini hata ungepatia kipimo, mbuzi akishaanguka na kupiga miguu umechelewa. Mimi nimewahi kumchoma mmoja katika hali hiyo kwa sababu mama mwenye mbuzi alikuwa ananiangalia usoni na sikuwa na moyo wa kumwambia haifai. Akafa sindano ikiwa bado mkononi mwangu.

Sindano inafaa siku ya homa, kabla ya dalili za kichwa. Homa haionekani kwa macho. Nunua kipimajoto cha kawaida cha famasi, paka mafuta kidogo, ingiza mkunduni kikilalia ukuta wa utumbo, hesabu dakika moja au subiri kilie. Chukua vipimo alfajiri, kabla jua halijawapiga. Mbuzi mzima anasoma kati ya 38.5 na 39.5, mchana wa jua anaweza kugusa 40. Chotara anayesoma 41 alfajiri, hata kama anakula, anachomwa saa hiyohiyo. Fanya hivyo kila siku kwa wale watano waliobaki mpaka watimize wiki sita tangu wafike. Ni kero, najua, lakini watano ni dakika kumi.

Ile dawa ya njano inatibu babesia, na inatibu nagana inayoletwa na mbung'o. Haigusi anaplasma wala moyo kujaa maji. Tuna mazoea ya kuichoma kwa kila mnyama aliyeinamisha kichwa, basi tu kwa kuwa ipo kwenye begi.

Turudi kwa wenyeji waliopauka. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapotea, na maduka ya dawa yanawasindikiza. Ni kweli anaplasma anapausha. Lakini mbuzi aliyepauka mwishoni mwa masika, tena ana uvimbe laini chini ya taya, mshukiwe kwanza mnyoo wa tumbo la nne, yule mwembamba kama uzi, urefu wa sentimita mbili au tatu, mwenye mistari myekundu na myeupe iliyosokotana kama kamba. Kila mmoja anafyonza kama mililita 0.05 za damu kwa siku. Unaona ni kidogo? Weka minyoo 2,000, jambo la kawaida msimu wa mvua: hiyo ni mililita 100 kila siku, zaidi ya kikombe kile kidogo cha kahawa ya barazani. Mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita mbili mwili mzima. Protini inakwenda na damu, maji hayashikiki tena kwenye mishipa, yanatuama sehemu ya chini ya kichwa. Waangalie hao wawili: jioni wakirudi malishoni uvimbe umejaa, asubuhi umepungua, kwa sababu mchana kutwa kichwa kilikuwa chini.

Funua kope la chini la kila mbuzi mwangani, uangalie nyama ya ndani. Nyekundu au waridi iliyokoza, mwache. Ikiwa waridi hafifu, mtie alama. Nyeupe kama karatasi, huyo anahitaji dawa leo. Kule Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii, inaitwa FAMACHA, kifupi cha "Faffa Malan Chart", yaani chati ya Faffa Malan aliyeibuni. Ukiipata itumie, ukiikosa jicho lako baada ya mbuzi 30 litakuwa limezoea. Wape dawa ya minyoo waliopauka tu, kwa uzito, si kundi zima kila mwezi. Ukinywesha wote kila mara unabakiza minyoo sugu peke yake, na albendazole katika maeneo mengi imeshachoka hivyo. Muulize daktari wako kuhusu levamisole au klozanteli, na kipimo usikikisie kwa macho, kwa sababu dawa hizo mbili zikizidi zinadhuru mbuzi. Siku kumi hadi kumi na nne baadaye peleka kinyesi kihesabiwe mayai, ujue dawa imefanya kazi. Mashudu ya alizeti yatamrudishia damu kuliko sindano ya vitamini.

Kama kope limepauka, dawa ya minyoo imefanya kazi kweli, na bado mbuzi ana homa na anazidi kupauka, hapo ndipo namrudisha anaplasma mezani na kuchoma oksi kwa kipimo kamili.

Kuhusu kupe. Kupe wa moyo kujaa maji ni mkubwa, dume lake limechorwa mgongoni rangi ya chungwa na nyeusi kama kitambaa, miguu ina pingili nyeupe. Hakai masikioni unakomtazamia. Yuko kati ya kwato, kwenye mapaja, chini ya mkia, pembeni ya kiwele. Mwenye bomba anayenyunyizia mgongo kwa sababu ndio unaofikika ananyunyizia mahali ambapo kupe huyu hayupo. Laza mbuzi wawili watatu leo jioni, panua kwato kwa vidole, utawakuta. Changanya dawa kama lebo inavyosema, nyunyiza mpaka idondoke tumboni, kisha kwato na chini ya mkia pitisha kwa brashi. Msimu wa mvua, kwa hao chotara, wiki mbili ni mbali: kupe aliyeng'ata jana anaweza kuanza kuambukiza ndani ya siku moja hadi tatu. Wao waogeshe kila wiki na wakague kwa mkono katikati. Dawa za kunyunyizia mahindi au nyanya usizilete bomani hata kama jirani amefanikiwa.

Kwa wenyeji nitakuambia jambo litakalokushangaza: usiwasafishe kupe mpaka wabaki sifuri. Ukiwaogesha kila wiki mwaka mzima, watoto wao watakua bila shule, na siku ukikosa fedha ya dawa miezi miwili utapata tena kilichowapata chotara. Kupe wachache kwa mwenyeji mwenye afya ni gharama inayolipa. Kupe wengi hapana, wanatoboa viwele na kulemaza miguu.

Chotara watano waliobaki una njia tatu. Kuwafungia bandani na kuwakatia majani, ambayo inafanya kazi ikiwa una mtu wa kukata majani kila siku, na hata majani yanaweza kubeba kupe. Kuwakinga kwa oksi ya kudumu, sindano kadhaa katika mwezi wa kwanza kwa ratiba ya daktari, ili wapate maambukizi huku dawa inayashika na kinga ijengeke. Inasaidia, ila ni hesabu ya bahati, na si jambo la kufanya kila mwaka. Au kuwauza kwa mfugaji wa sehemu ya baridi. Wako wameshapita wiki ya nne, kwa hiyo mimi ningebaki nao kwa kipimajoto. Chanjo hai ya ugonjwa huu hutengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, damu iliyogandishwa kwa baridi kali inayochomwa kwenye mshipa na kisha mbuzi kutibiwa akipata homa. Usiitafute kwenye maduka yetu. Safari ijayo nunua dume moja la Boer lililozaliwa ukanda wako wa kupe, pandishia wenyeji, na watoto wake wazaliwe hapohapo bomani.

Msomaji wa Oman anayefuga kondoo asichukue jibu hili zima. Huko yupo taileria, kidudu kingine cha damu, anayeua kondoo kwelikweli, analetwa na kupe wa aina nyingine, na dawa yake ni nyingine.

Kuuza wote, hapana. Damu ya kundi haijaharibika. Lakini usikae na simu mfukoni ukiona mojawapo ya haya: mbuzi wengi kutupa mimba baada ya mvua kubwa, makamasi na vidonda mdomoni pamoja na kuharisha, kuharisha damu na homa kali ndani ya wiki moja tangu wanyama wahame, au mbuzi wa kienyeji mzima kufa ghafla. Hayo ni magonjwa mengine, mengine ni ya virusi na oksi haiyagusi, na mengine yanampata binadamu. Mbuzi anayezunguka upande mmoja kwa wiki nyingi huku akidhoofu taratibu, ambaye Wamasai wanamwita mwenye ormilo, huyo mara nyingi ana uvimbe wa maji wa minyoo ya mbwa kichwani; usimchanganye na huyu wa moyo kujaa maji, anayekwenda kwa siku mbili.

Nyama: anaplasma wa mbuzi na moyo kujaa maji haviambukizi mlaji. Ila aliyekufa mwenyewe haliwi, azikwe. Aliyechomwa sindano subiri siku zilizoandikwa kwenye lebo ya kila dawa, hesabu ile ndefu kuliko zote, na maziwa hivyohivyo. Mbuzi uliyemchoma dawa mbili juzi ukamuuzia mchinjaji leo, dawa ile inaliwa na mtoto wa mtu.

Kesho alfajiri anza na chotara watano, kipimajoto, daftari. Jioni funua kope za wenyeji wote 31. Niandikie joto la siku saba na idadi ya waliopauka, na kama yupo atakayekufa, niambie kabla hajazikwa.